Mikorosho ya Serikali

Korongo la shambani kwetu lilianza kama njia ya mbuzi. Nilipokuwa mdogo nililiruka kwa mguu mmoja huku nimejitwika mtungi wa maji, na mama alinigombeza kwa ajili ya mtungi, si kwa ajili ya korongo. Kisha zikaja zile mvua kubwa zilizotangulia Uhuru. Zilipokatika, mtu mzima akisimama ndani yake ulikuwa huoni hata kofia yake.

Shamba lenyewe lilikuwa juu ya Msambweni, nyuma ya minazi, pale mchanga wa pwani unapokwisha na udongo mwekundu wa vilima unapoanza. Mama alilima mahindi, mihogo na kunde. Alilima vizuri na kwa hasira kidogo, kama alivyofanya kila kitu. Lakini hakuwa na mti hata mmoja. Mnazi hakuwa nao, mkorosho hakuwa nao, na mwembe tuliookota embe zake ulikuwa wa watu. Mimi niliyekuwa na ugonjwa wa kuuliza, niliyemuuliza mwalimu wa dini kwa nini paka hafungi Ramadhani, sikuwahi kuuliza kwa nini mama hana mti. Kitu ulichozaliwa ukakikuta hukiulizi.

Ardhi ilikuwa ya mjomba wake mama, ndugu wa tumbo moja na nyanya yangu. Aliishi Bodo, akikata mikoko na kuuza boriti. Mimi nilimwita Babu, naye aliniita Karani kwa sababu ya maswali yangu. Mama alipoachwa na baba yangu, alirudi kwao na mimi mgongoni, na Babu akamwonyesha ule mteremko akamwambia, "Lima ule, mwanangu. Lima mpaka uchoke." Kila Idi alikuja kwetu amevaa kanzu iliyopigwa pasi kupita kiasi, akala sahani mbili za pilau, akalalamika kwamba chumvi imezidi, akaongezewa ya tatu. Mama hakuwa na mtu mwingine aliyempenda namna ile, na hakuficha.

Zamani, kwetu Udigoni, mali ya mjomba ilikwenda kwa watoto wa dada zake. Mila ile ingebaki, mama hangekuwa na shaka. Lakini siku hizo mambo yalikuwa yamegeuka, wengi wakifuata sheria ya dini kwamba mtoto humrithi baba, na ilisemekana serikali mpya ingekuja kupima ardhi na kuiandika kila kipande kwa jina la mtu. Msimu mmoja wana wawili wa Babu walipita shambani kwetu. Walisalimia vizuri, wakanywa uji, kisha wakatembea kutoka ukingo mpaka ukingo wakihesabu hatua kwa sauti ya chini. Walipoondoka mama alikaa juu ya kinu akaacha moto ukazimika. Nilimuuliza wanataka nini. Akanijibu, "Wanapima watakapojenga."

Basi hofu zetu zilikuwa mbili. Korongo lilikuwa likitula kutoka chini, na wale vijana walikuwa wakisubiri kutula kutoka juu. Mimi niliiona ya korongo tu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na mdomo.

Uhuru ulikuwa bado mbichi chifu alipoita baraza. Alisema mengi. Katikati ya hayo mengi alisema kwamba serikali yetu sasa ina mipango ya kuwasaidia wakulima na wafugaji: kuna mikopo, kuna hifadhi ya udongo, kuna miche, kila mtu ajitahidi. Watu wakapiga makofi wakaenda zao. Mimi nilibaki nimesimama pale na swali kooni. Mikopo gani? Iko wapi? Huombwa kwa nani, na mtu akienda anakwenda na nini? Nilimfuata chifu hadi kwenye baiskeli yake. Akaniambia, "Binti, mimi nimeambiwa niseme ipo. Sikuambiwa iko wapi."

Jibu lile lilinikera na kunifurahisha kwa pamoja. Lilinikera kwa sababu ni jibu gani hilo. Lilinifurahisha kwa sababu maana yake ni kwamba kulikuwa na kitu cha kutafutwa.

Nilianza na ofisi ndogo ya Msambweni. Shule nilikuwa nimeshamaliza na kazi sikuwa nayo, kwa hiyo muda ulikuwapo. Karani wa pale alinisikiliza hadi mwisho, akanifahamisha kwamba mambo ya mikopo ya mashamba yako Kwale, bomani. Nilimwambia mama. Nilidhani atanikataza. Alinipa viazi vya kuchemsha nikafungasha, akasema, "Nenda ukaulize. Ila ukiulizwa, usijibu usilolijua."

Nilipanda lori lililokuwa likirudi Kwale na magunia matupu. Bomani kulikuwa na baridi ambayo sisi wa chini tunaiogopa. Nje ya ofisi ya kilimo palikuwa na benchi refu, na kwenye benchi lile nilijifunza mengi kuliko ndani.

Upande mmoja alikaa mama mmoja wa kutoka bara, kati ya wale waliopewa viwanja vya makazi huko Shimba Hills. Alikuwa na karatasi yenye namba ya kiwanja ameifunga kwenye pindo la leso. Yeye mkopo wake ulikuwa umeshakubaliwa, alikuja kuuliza tu mbegu zitafika lini. Nilimuuliza alifanyaje. Alinionyesha ile karatasi. "Ni hii tu," akasema. "Wewe uko na yako?" Sikuwa nayo.

Upande wa pili alikaa mzee mfugaji aliyetoka kule kukavu, karibu na Mackinnon Road, na vumbi la safari bado lilikuwa kwenye nyusi zake. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, nami nikaanza kazi yangu ya kuuliza. Alinieleza kuhusu mpango wa ranchi: wafugaji wanaunganisha mifugo yao, na serikali inawakopesha ili wachimbe lambo la maji na kujenga josho la kuogeshea ng'ombe. Mpango mzuri, alisema. Shida ni kwamba walimuuliza ana ng'ombe wangapi.

"Kwani huwajui?" nikamuuliza.

"Nawajua kwa majina, na mama zao nawajua. Lakini walio zizini kwangu si wangu wote, na walio wangu si wote walio zizini kwangu. Huyu wa shemeji, yule wa rafiki yangu. Na wangu mimi nimewapeleka kwa watu mbalimbali, ili ukame ukipiga hapa, kule wapone. Sasa wanataka niwalete mahali pamoja wahesabiwe. Nikiwaleta pamoja nao ukame uwakute pamoja, huo mkopo nitaulipa na ngozi?"

Nilicheka hadi mlinzi akanitazama. Mzee naye akacheka. "Na nyinyi mna ng'ombe?" akaniuliza.

"Hatuna. Tuna korongo."

"Aa! Kwa korongo hakopeshwi mtu."

Karibu iwe kweli. Ndani nilimkuta bwana shamba, kijana wa bara mwenye kaptula ya kaki na miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alikuwa mtu wa kupenda kueleza, na mimi nilikuwa mtu wa kupenda kuelezwa, kwa hiyo tulipatana tangu mwanzo. Nilimweleza shida yetu yote. Akauliza, "Hii shamba ni ya nani?"

"Letu."

"Letu ni ya nani? Iko na cheti? Jina gani iko kwa cheti?"

Nikakumbuka maneno ya mama nikanyamaza. Aliona nimekwama, akanieleza polepole, bila dharau, kwamba mkopo lazima uwe na kitu cha kuushikilia, na mtu asiye na cheti cha ardhi wala namba ya kiwanja hana cha kushikiliwa. Nilikuwa nimetoka Msambweni alfajiri kuja kuambiwa tusichonacho.

Kisha akasema, "Lakini hiyo ya kuzuia udongo ni mpango ingine. Hiyo haina cheti."

"Kwa nini haina?"

Akavua miwani akaifuta. "Kwa sababu udongo ikienda bahari haiulizi cheti."

Nilirudi nyumbani nikiimba.

Alikuja baada ya siku chache kwa baiskeli, akiwa na kamba, vigingi na pimamaji. Sijui kama kuna siku nyingine katika ujana wangu niliyoifurahia hivyo. Nilishika ncha ya kamba, yeye akashika nyingine, katikati tukatundika ile pimamaji na kipovu chake kikicheza ndani ya kioo. Niligundua kwamba macho ni waongo. Pale nilipoapa kwamba ni tambarare, kipovu kilikimbilia upande. Pale nilipodhani panashuka, kipovu kilitulia tuli. Tulikwenda hivyo tukichomeka vigingi, na tulipogeuka kutazama, mstari ulikuwa umezunguka mteremko kwa namna ambayo hakuna mtu angeibuni kichwani. Hapo ndipo tutakapochimba mtaro, alieleza, na udongo tutautupa upande wa juu uwe tuta. Maji yakija yatasimama, hayatakimbia. Na juu ya tuta na ukingoni mwa korongo tutapanda miti ili mizizi iushike udongo.

Mama alikuwa amesimama na jembe lake begani.

"Miti gani?" akauliza.

"Mikorosho, mama. Iko kwa kitalu ya serikali, bure."

"Mikorosho," mama akarudia. "Na itapandwa na nani?"

"Sisi wote. Serikali na wananchi."

Mama alitazama korongo, akatazama juu kule wale vijana walikohesabu hatua zao. "Basi karibuni," akasema.

Siku ya kupanda ilikuwa kama harusi isiyo na bibi harusi. Majirani walikuja na majembe, wanawake wakapika mbaazi za nazi na mahamri, wanaume wakachimba mtaro wakitaniana kuhusu nani ana mgongo wa kizee. Gari la kilimo lilileta miche, kila mmoja umefungwa ndani ya gome la mgomba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema mmoja, na mwingine akamjibu kwamba sisi tumeshapita ukuta, tunaziba shimo la kuzimu. Kila mtu alicheka.

Mashimo yalipokuwa tayari, bwana shamba aliuchukua mche wa kwanza. Mama akampa jembe lake mwenyewe. "Mgeni kwanza," akasema. Yule kijana alifurahi sana. Alipiga magoti kwenye udongo, akaupanda mche, akaukandamiza kwa mikono yake, akasimama akapangusa magoti na kutabasamu.

Hakuna aliyemtabasamia. Kicheko chote kilikuwa kimekauka. Mzee mmoja alilaza jembe lake chini taratibu. Mwingine alikumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa nyumbani. Waliobaki walimaliza kupanda kwa adabu, kama watu wanaomaliza chakula kilichoungua, wakaondoka bila kunywa chai.

Nilimkimbilia jirani yetu mwanamke aliyekuwa akiosha masufuria. "Kumetokea nini? Wamekasirishwa na nini?"

Alinitazama kwa huruma. "Wewe shuleni ulisoma nini? Ardhi ya kuazima hulimwa mahindi. Mahindi huvunwa yakaondoka, na mwenyewe akiitaka ardhi yake anaikuta. Mti hauondoki. Aliyepanda mti amekaa. Mama yako miaka yote hii hakupanda hata mpapai. Sasa serikali imekuja imepanda mkorosho kwenye ardhi ya mzee wa Bodo, kwa mkono wake, mchana kweupe, na sisi wote tumeona. Serikali imeichukua ardhi, mwanangu. Na sisi tumewachimbia mashimo."

Nilisimama pale na swali langu la maisha yote limejibiwa bila mimi kuliuliza. Kwa hiyo ndiyo maana hatukuwa na mti. Nilijisikia mjinga, na wakati huohuo, Mungu anisamehe, nilisisimka. Kumbe ile miti yote niliyopita chini yake tangu utoto ilikuwa ikisema kitu. Mnazi huu ukisema hapa ni kwa fulani, mwembe ule ukisema hapa palikuwa kwa fulani. Na bwana shamba, na elimu yake yote ya kupima mteremko, alikuwa amepiga magoti akasema jambo zito mbele ya kijiji kizima, wala hakujua kwamba amesema.

Habari ilifika Bodo kabla ya magharibi. Kesho yake asubuhi Babu alikuwa kwetu.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogofya. Alikataa kiti. Alikwenda moja kwa moja hadi ukingoni, akautazama ule mche wa kwanza, mdogo, una majani machache, akazunguka upande wa pili akautazama tena. Nilingoja aung'oe. Hakuugusa. Mti wa mtu haung'olewi. Ukiutaka uondoke unaununua kwa mwenyewe, ndivyo ilivyo kwetu. Babu hangeivunja ile mila hata kwa serikali.

"Karani," aliniambia, "kamwite huyo mwenye miti."

Bwana shamba alikuwa bado Msambweni. Nilimleta. Njiani nilijaribu kumweleza, na alisikiliza kwa kweli, lakini kila mara alirudi palepale: "Lakini hiyo ni miti tu." Tulipofika, majirani wale wale walikuwa wamekaa juu ya tuta jipya, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Mama alikuwa peke yake, amesimama.

"Nimekuja kununua miti yako," Babu alimwambia yule kijana. "Sema bei."

"Mzee, hiyo haiuzwi. Ni ya bure."

"Ya bure haiuzwi?"

"Hapana. Serikali haiuzi."

Babu aliwageukia majirani. "Mmesikia. Amekataa kuuza." Wanaume wakatikisa vichwa. Hali ilikuwa imezidi kuwa mbaya na yule kijana hakujua kwa nini. Akanitazama mimi.

Nikaingilia, maana nisingeweza kuvumilia. Nilimwambia Babu kwamba serikali haitaki ardhi yake, inataka udongo ubaki mahali pake, kwamba huyu alipanda mche wa kwanza kwa heshima tu, kama mgeni. Babu aliinua mkono nikanyamaza.

"Basi aseme mwenyewe. Miti hii ni ya nani?"

Bwana shamba alishusha pumzi kama mtu aliyeulizwa hatimaye swali jepesi. "Si ya serikali, mzee. Ni ya mwenye shamba."

"Mwenye shamba ni nani?"

Kijana alilitambua. Lilikuwa swali lilelile aliloniuliza mimi kule Kwale, na sasa aliona ukubwa wake. Nadhani siku ile ndipo alipoanza kuwa bwana shamba wa Pwani. Alimtazama mama. Wote tukamtazama mama.

Nilijua angesema nini. Angesema, "Ni ya mjomba," na angekuwa amesema kweli, na Babu angecheka, na sote tungekunywa chai. Miti ingekuwa ya Babu, kisha ya wanawe, nasi tungeendelea kulima chini yake hadi siku watakapotuambia tupishe.

"Ardhi ni yako, mjomba," mama alisema. "Miti ni yangu."

Katika maisha yangu yote nilikuwa sijamsikia mama akisema kitu ni chake. Alisema jembe letu, nyumba tunayokaa, shamba la mjomba. Hata mimi aliniita mtoto wa Mungu.

"Unajua unalolisema?" Babu akamuuliza, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nalijua. Nililijua tangu alipotaja mikorosho. Jembe nilimpa mimi apande yeye kwanza kwa niaba yangu, ili ionekane na kila mtu, pasiwe na wa kusema nilipanda usiku."

Mimi hapo nilikaa chini. Wiki zote zile nilidhani mimi ndiye ninayetafuta mpango. Nimepanda lori, nimekaa benchi, nimeshika kamba, nimejiona mjuzi. Kumbe mpango wangu ulikuwa wa kuzuia udongo tu. Mama alikuwa na wake.

"Mkorosho huu utazaa mimi ni mtu mzima sana," Babu alisema. "Huenda nisiwepo."

"Ukiwepo, mjomba, sina haja ya mti. Wanao wamekuja hapa wamepima kwa miguu. Niliwapa uji."

Babu hakuwa na habari hiyo. Niliiona ikimwingia. Lakini hakuwa mtu wa kuwasema wanawe mbele za watu, na aibu yake ikageuka hasira, kwa kuwa hasira inabebeka.

"Ungeniomba," akasema.

"Ningekuomba, ungenipa?"

Alikuwa mkweli, Babu. Alifikiri. Alifikiri muda mrefu mbele ya watu wote wale, kisha akachukua bakora yake akateremka njia ya Msambweni bila kuaga. Sahani ya chakula chake ilikuwa imeshapakuliwa ndani.

Mama alisimama wima hadi alipopotea kwenye minazi. Kisha akaingia ndani akalia kwa sauti, kilio cha msibani, nami sikuwa na swali la kumuuliza. Bwana shamba alibaki ukingoni akigeuza kofia mikononi. Akaniuliza kama amefanya makosa. Nilimwambia sijui. Nilimwambia hata mimi bado najifunza.

Mtaro ulifanya kazi. Masika yaliyofuata tulitoka huku mvua ikinyesha, magunia vichwani, kwenda kuyatazama maji, na tuliyakuta yamesimama nyuma ya tuta, mekundu, yametulia, kama ng'ombe waliofungiwa. Niliruka-ruka kwa furaha. Korongo halikuongezeka hata shubiri. Mikorosho ilishika, isipokuwa michache iliyoliwa na mchwa, na mama aliimwagilia kiangazi chote kwa maji aliyoyabeba kichwani. Wana wa Babu walipita mara moja wakaitazama kutoka njiani, hawakuingia.

Ila Idi ilikuja na Babu hakuja. Mama alipika kama kawaida, akapunguza chumvi. Alipakua sahani akaifunika, na jioni akawapa watoto wa jirani. Idi nyingine hivyohivyo. Tulisikia yuko mzima, anauza boriti, anapiga domo kama zamani, lakini akipita Msambweni anazunguka kwa nyuma ili asipite kwetu. Mama alipungua. Nilimwambia siku moja, kwa ukali wa kijana, kwamba sasa anayo ardhi, analia nini. Aliniambia, "Nilitaka mahali pa kukaa. Sikutaka kukaa peke yangu."

Mikorosho ilipozaa mara ya kwanza, mama hakuuza hata korosho moja. Alizikaanga kwenye kipande cha debe, moshi wake ukituchoma macho, akazibangua mwenyewe hadi yale mafuta yakambabua vidole. Alizijaza kwenye kikapu kipya cha ukili, akafunika kwa jani la mgomba, akampa mtu aliyekuwa akienda Bodo. Kikapu kilirudi baada ya siku mbili. Jani lilikuwa limenyauka juu yake, na lilikuwa halijafunuliwa. Mama aliziweka juu ya dari na hatukuzila. Ziliharibika.

Mavuno yaliyofuata alifanya vilevile. Nilimshauri asijidhalilishe, na aliniambia nishike njia yangu. Alikaanga, akabangua, akajaza, akatuma.

Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Ukiletewa kitu ndani ya sahani, sahani inarudi na ndimu, au konzi ya mchele, au chochote, hata kama humpendi aliyekuletea. Kurudisha chombo kitupu ni tusi, na Babu aliijua mila kuliko sisi sote.

Kikapu kililetwa jioni. Nilikipokea mlangoni, na kilikuwa chepesi. Nilitazama ndani nikaona hakuna kitu. Niliona aibu kwa ajili ya mama hadi nikataka kukificha, lakini alikuwa ameshafika nyuma yangu akakichukua. Alikigeuza juu chini. Akakitikisa, akakipigapiga kwa kiganja. Halikudondoka hata ganda.

Mama alianza kucheka, na machozi yakimtoka.

"Amekula," akasema. "Amekula, mwanangu."